Kucheza peke yako kwenye gemu za umati: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wachezaji wa Uganda

Ukurasa huu ni wa wanaopenda gemu za kuigiza wahusika zenye maelfu ya watu mtandaoni, lakini wanacheza wenyewe, bila kikosi wala chama (kundi la kudumu la wachezaji). Kila gemu tumeipima kwa swali moja: umeme ukikatika sasa hivi katikati ya pambano, nani anaumia? Ikiwa ni wewe tu, na umepoteza dakika chache, gemu hiyo inakufaa. Ikiwa ni wenzako wanne na saa nzima ya jasho lao, itakuletea ugomvi hata iwe nzuri namna gani.

Kama nataka kucheza peke yangu, si afadhali ninunue gemu ya mtu mmoja?

Ukipenda, sawa. Lakini dunia yenye watu ina mambo ambayo gemu ya mtu mmoja haina: soko ambalo bei zake hupanda na kushuka kwa sababu ya watu halisi, mgeni anayepita njiani akakufufua kisha akaenda zake, mji wenye kelele. Ni kama kula rolex (chapati iliyoviringwa na mayai) pale Wandegeya, Kampala, usiku. Hujaja na mtu, huzungumzi na mtu, ila hukuja kukaa mahali patupu. Mwaka 2006 watafiti wakiwemo Nicolas Ducheneaut na Nick Yee walichunguza wachezaji wa World of Warcraft na wakaona kwamba wengi hutumia sehemu kubwa ya muda wao wakiwa peke yao, huku wengine wakiwa hadhira na uhai wa mahali. Kwa hiyo huna kasoro yoyote. Ndivyo gemu hizi zinavyochezwa.

Kwetu kuna sababu nyingine za wazi. Mtu anatoka kazini saa 2 usiku, ana nusu saa kabla ya kulala. Bando imebaki kidogo. Yaka (umeme wa kulipia kabla) inakaribia kuisha. Hawezi kuwaahidi watu wanne saa mbili mfululizo.

Wenye vyama wanasema sisi ni wanyonyaji. Ni kweli?

Hapana. Madini, mimea, samaki na nguo zinazouzwa sokoni kwa wingi hukusanywa na watu wanaofanya kazi polepole, peke yao. Vyama vikubwa vinanunua kwao kila siku.

Nianze na gemu gani?

Inategemea chombo ulicho nacho.

Kama una simu tu, au kompyuta ya zamani, anza na Old School RuneScape. Ilitoka Februari 2013, ikafika kwenye simu Oktoba 2018, na akaunti ni ile ile kote kuwili. Ni nyepesi, na kazi zake nyingi (kuvua, kukata miti, kuchimba madini) zinavumilia kukatika bila hasara. Sehemu ya bure ni ndogo kuliko ya kulipia, lakini inatosha kujua kama unaipenda.

Kwa mwenye kompyuta ya wastani, jibu letu la kwanza ni Guild Wars 2. Sehemu yake ya msingi ni bure tangu Agosti 2015 na haina ada ya kila mwezi. Sifa yake kubwa kwa mtu wa peke yake ni kwamba wachezaji hawanyang'anyani chochote. Ukikuta jiwe la chuma, hilo ni lako na pia ni la mwenzako, kila mmoja analichimba kivyake. Adui akiuawa na watu kumi, kila aliyechangia anapata zawadi yake. Matukio ya nje hukua na kupungua kulingana na idadi ya watu waliopo, na huhitaji kujiunga na kikosi ili kushiriki. Akaunti ya bure ina nafasi 2 za wahusika na mikoba 3, na soko lake lina mipaka. Chagua seva za Ulaya unapofungua akaunti, maana kuhama baadaye ni kwa malipo.

Final Fantasy XIV inawafaa wanaopenda hadithi ndefu. Jaribio lake la bure halina kikomo cha siku, na tangu Oktoba 2023 linakufikisha levo 70 pamoja na nyongeza mbili za mwanzo. Mipaka yake: huwezi kushika zaidi ya gili 300,000 (pesa za gemu hiyo), wala kutumia soko. Kwa mtu wa peke yake mipaka hiyo haiumi sana. Jihadhari na jambo moja: ukishanunua gemu kamili, akaunti hiyo hairudi tena kwenye jaribio. Siku 30 zinazokuja na ununuzi zikiisha, ni ada au mlango umefungwa. Watu wengi huinunua mapema bila sababu. Maliza kwanza kilicho cha bure.

Ipo pia Guild Wars ya kwanza, ya mwaka 2005, na tunaitaja kwa mapenzi ya kweli. Ni ya kununua mara moja, inaendeshwa hata na kompyuta dhaifu, na ukitoka nje ya mji unakuwa peke yako kabisa na wenza wanaoongozwa na kompyuta. Tangu 2011 unaweza kubeba mashujaa 7 kwenye kikosi cha watu 8. Mtandao ukikatika na ukarudi haraka, gemu inakuuliza kama unataka kuendelea pale ulipoachia.

Albion Online nayo ipo kwenye simu, na tangu Aprili 2024 ina seva ya Ulaya. Kaa maeneo ya buluu na ya njano. Kwenye nyekundu na nyeusi ukiuawa unapoteza ulichovaa na ulichobeba, na mtandao ukiganda sekunde mbili zinatosha. Usiende huko na kitu ambacho huwezi kukisahau kesho.

Pingi yangu ni 180. Nitaweza?

Kwa gemu nyingi za aina hii, ndiyo. Pingi ni muda, kwa milisekunde, ambao ujumbe wako hutumia kwenda kwenye seva na kurudi. Elewa kwanza inatoka wapi. Uganda haina bahari, hivyo data yetu husafiri kwa nchi kavu, hasa kupitia Kenya, mpaka pwani kama Mombasa, ndipo iingie kwenye waya za chini ya bahari kama SEACOM ya 2009 na EASSy ya 2010. Nuru ndani ya nyuzi hupita takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, maana yake kila kilomita 1,000 za waya huongeza milisekunde 10 kwenda na kurudi. Njia ya kilomita 10,000 mpaka Ulaya ni milisekunde 100 kabla ya kuhesabu mitambo ya katikati. Hakuna bando ghali inayoweza kuipunguza chini ya hapo, na anayekuuzia programu ya kuishusha hadi 30 anakudanganya.

Kinachosumbua zaidi ni pingi inayoruka: 180, kisha 600, kisha 190. Mhusika anatembea, anarudishwa nyuma, anatembea tena. Fungua dirisha la amri la kompyuta, andika ping na anwani ya tovuti iliyo Ulaya, acha ijibu mara 50. Kama namba zinatofautiana sana, jaribu kwanza rauta ya nyumbani, ambako jibu linapaswa kuwa chini ya 10. Ikiwa hata rauta inaruka, tatizo ni Wi-Fi yako. Sogea karibu au tumia waya. Ikiwa rauta ni tulivu na nje ndiko kunakoruka, ni mtandao wa kampuni. Saa 3 usiku minara huwa imejaa, alfajiri hutulia.

Old School RuneScape inavumilia kuliko zote kwa sababu seva yake hupiga hatua kila sekunde 0.6. Pingi ya 180 inaingia ndani ya hatua moja na kubaki nafasi. Kinyume chake, pambano la kukwepa duara jekundu (alama ya shambulio ardhini) ndani ya sekunde moja linahitaji uanze kukimbia mara tu unapoliona, si linapokaribia kulipuka.

Mwezi Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja upande wa Afrika Kusini na mtandao wa Afrika Mashariki nzima ukadhoofika. Ikitokea hali kama hiyo, fanya kazi zisizo na hatari (uvuvi, ushonaji, soko) na uache mapambano.

Umeme ukikatika nifanyeje?

Jiandae kabla. Kompyuta ya mapajani ina betri yake, kwa hiyo kinachokuangusha ni rauta. Nunua betri ndogo ya akiba ya rauta, zile za kisanduku zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki katikati ya Kampala. Kabla ya kulipa, geuza rauta usome kibandiko: volti 5, 9 au 12, na ampea ngapi. Tundu la volti 12 kwenye rauta ya volti 5 litaiunguza palepale.

Usidanganyike na namba kubwa ya mAh. Kisanduku kilichoandikwa 8,800 mAh kwa kawaida kinahesabu seli za volti 3.7, yaani wati-saa 32 hivi. Ondoa upotevu wa kubadilisha volti, unabaki na 27. Rauta inayokula wati 7 itaishi karibu saa 4 betri ikiwa mpya, na muda huo hupungua kadiri miezi inavyokwenda.

Ukiwa huna betri hiyo, weka simu tayari kugawa mtandao, na nywila yake iwe imeshahifadhiwa kwenye kompyuta. Dakika ya kuhangaika na nywila gizani ndiyo dakika ambayo mhusika wako anauawa.

Kupakua gigabaiti 100 kutanimaliza. Kuna njia nyingine?

Ipo. World of Warcraft na Final Fantasy XIV zote zinazidi gigabaiti 100. Kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, gigabaiti 100 huchukua saa 22 bila kukatika. Nakili kwa mtu aliye nayo tayari.

Guild Wars 2 ndiyo rahisi zaidi, karibu kila kitu kiko kwenye faili moja, Gw2.dat. Chukua faili hilo pamoja na programu ya kuwashia, ziweke kwenye folda moja kwako, washa, itapakua tofauti tu. Kosa la kawaida ni flashi: nyingi zinauzwa zikiwa na muundo wa FAT32, ambao haupokei faili linalozidi gigabaiti 4, na Windows itakuambia faili ni kubwa mno ingawa nafasi ipo. Ifomati iwe exFAT kwanza. World of Warcraft nayo unanakili folda nzima, kisha kwenye programu ya Battle.net unaionyesha mahali gemu ilipo badala ya kubonyeza kupakua.

Kucheza kwenyewe hakuli data nyingi, makumi ya megabaiti kwa saa kwa gemu nyingi. Kinachokomba bando ni masasisho yanayojipakua kimyakimya. Kwenye Windows, weka alama kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo. Kwenye Steam (duka la gemu la mtandaoni), panga masasisho yafanyike saa za bando ya usiku. Bei ya data yetu tayari ina ushuru wa 12% tangu Julai 2021, usiongeze hasara juu yake.

Mapango yanataka watu wanne au watano. Nayapitaje?

Gemu kadhaa sasa zinakupa wenza wa kompyuta. Final Fantasy XIV, tangu Aprili 2022, inakuwezesha kupita mapango ya hadithi kuu pamoja na wahusika wa hadithi yenyewe. Fungua orodha ya Duty Support badala ya ile ya kutafutiwa watu. Wenza hao wanakwepa hatari vizuri, ila wanapiga polepole, hivyo tenga dakika zaidi ya kikosi cha watu. Wanakufaa sana kama darasa: kwenye pambano la bosi (adui mkuu), simama wanaposimama. Mara nyingi utajua mashambulizi yake kabla hujaingia na watu halisi. Lakini usitarajie yote. Mapambano mengi ya watu 8 na ule uvamizi (pambano la kikosi kikubwa) wa Crystal Tower wa watu 24 bado unahitaji wageni, na hadithi haisogei bila hiyo. Andika tu kwamba ni mara yako ya kwanza. Wanaokutana na mgeni hupata zawadi ya ziada, kwa hiyo wana sababu ya kukuvumilia.

World of Warcraft ilileta wenza wa mapangoni Januari 2024, kwa ugumu wa kawaida tu. Agosti 2024 zikaja Delves, safari fupi za mtu 1 hadi 5, zenye ngazi 11 na mwenza aitwaye Brann. Hapa watu hukosea kwa kumwacha Brann kwenye kazi ya kupiga wakati wao wenyewe hawawezi kujitibu. Kama unacheza mpigaji wa nguo laini, mfanye Brann mganga. Ukiwa mganga mwenyewe, mwache apige. Ngazi za juu zina idadi maalumu ya kufufuka, basi panda ngazi moja moja.

Kwenye Elder Scrolls Online wenza walifika 2021 na nyongeza ya Blackwood. Wanaanza levo 1 na kufika 20. Wengi hukata tamaa mapema kwa sababu mwenza wa levo 3 ni mzigo, na wanasahau kumvika zana zake. Mlee kwanza kwenye kazi rahisi za nje.

Bila uvamizi nitapata zana nzuri?

Inategemea gemu. Kwenye Guild Wars 2 zana za daraja la juu hazipandi kila mwaka, ukishazipata zinabaki na thamani, na unaweza kuzishona mwenyewe polepole. Kwenye World of Warcraft, kumaliza Delves 2, 4 na 8 kwa wiki kunakufungulia nafasi za kuchagua zana kwenye hazina ya wiki. Nane ni nyingi kwa mwenye kazi, lakini mbili zinawezekana hata wiki yenye giza.

Nichague Ironman kwenye RuneScape?

Ironman ni hali rasmi, iliyoletwa 2014, ambamo hufanyi biashara na mtu yeyote: kila upanga umeutengeneza au kuupata mwenyewe. Unaichagua kwenye kisiwa cha mafunzo kabla hujaondoka. Tunaipenda kwa sababu inafanya kila kitu kidogo kiwe na maana. Shaba ya kwanza unayoyeyusha ni yako kweli.

Ila kaa mbali na Hardcore Ironman. Humo una maisha moja. Mtandao ukikatika ukiwa vitani, mhusika hatoweki mara moja, anabaki amesimama akipigwa. Kwa umeme wetu, hilo si jambo la labda.

Nalipaje kutoka hapa?

Kwa kadi ya benki iliyoruhusiwa malipo ya intaneti, uliza tawini maana nyingi hutolewa zikiwa zimefungwa, au kwa kadi ya mtandaoni unayoijaza kutoka simu. Jaza kiasi cha mwezi mmoja tu na uzime malipo ya kujirudia. Bei ni ya dola, hivyo shilingi hubadilika, na kodi ya 18% inaweza kuongezwa. Kadi za zawadi zina eneo: ya Marekani haifungui akaunti ya Ulaya, na muuzaji harudishi pesa. Usinunue pesa za gemu kwa mtu wa mtaani. Akaunti ikifungwa kwa hilo, imekwenda.

Naweza kuingia kwa akaunti ya Facebook?

Usifanye hivyo. Facebook ilifungwa nchini Januari 2021, na kutegemea VPN kuingia kwenye gemu huongeza pingi na huweza kuifanya kampuni idhani akaunti imeibwa, kwa kuwa jana ulikuwa Kampala na leo uko Uholanzi. Tumia barua pepe, na namba ya uthibitisho itoke kwenye programu ya simu.

Tunatengeneza gemu yetu wenyewe hapa Kampala. Tumhudumie vipi mchezaji wa peke yake?

Swali hili linatufurahisha kuliko mengine, na jibu lake ni refu.

Kugawa uhai wa bosi kwa nne hakutoshi. Kikosi cha wanne kina mganga na mbeba ngao, mtu mmoja hana. Mkipunguza uhai na kuacha mapigo yalivyo, atakufa akiwa amebakiza nusu ya bosi. Punguzeni pia mapigo, na angalieni kila shambulio linalomfunga mchezaji mpaka mwenzake amfungue. Peke yake, hilo ni kifo. Mpeni njia ya kujifungua ndani ya sekunde 3.

Chukueni mfano wa mlango wa vishikio viwili, ambao kila mtengenezaji anaupenda. Kishikio kimoja kushoto, kingine kulia, vivutwe pamoja. Mtu mmoja hapiti kamwe. Suluhisho halihitaji kufuta fumbo: kishikio kikiachiwa kirudi polepole. Kama umbali ni mita 30 na mhusika hukimbia mita 6 kwa sekunde, anahitaji sekunde 5. Mpeni 10, kwa sababu ya pingi na kwa sababu atakutana na adui katikati. Kikosi kitavuta pamoja kama kawaida, na wa peke yake atakimbia, huku akifurahia mbio hizo.

Kukatika ndiko muhimu zaidi. Hifadhini maendeleo baada ya kila bosi. Chumba chake kikae wazi dakika 15 baada ya kupotea. Mtaogopa kwamba watu watang'oa waya ili wasife; basi adui arudi mahali pake na apone kabisa mchezaji anapopotea. Mhusika anasalimika, ila hakuna alichopata kwa kukatika.

Zawadi za kila siku mziweke kwa wiki: mambo saba, yafanywe siku yoyote. Mtu aliyekosa umeme Jumanne na Jumatano asiadhibiwe Jumapili. Mazungumzo ya sauti yasiwe sharti la chochote, na kila zana inayouzwa sokoni iwe na njia ya kuitengeneza kwa mikono yako mwenyewe, hata kama ni ndefu mara tatu.

Halafu ijaribuni gemu hivi: mchezaji mmoja, simu ya bei nafuu, bando ya kawaida, na mtu mwingine anayezima rauta kila dakika kumi.

Siku mpya ya gemu inaanza saa ngapi kwa saa zetu?

Guild Wars 2: kila siku saa 9 usiku, na ya wiki ni Jumatatu saa 4 na nusu asubuhi. Final Fantasy XIV: kila siku saa 12 jioni, ya wiki Jumanne saa 5 asubuhi. Hazibadiliki Ulaya inaposogeza saa zake.